Mnadi Asiyetaja Bei

Msimu ule mnadi wetu aliumwa tangu watu wanavuna mpunga bondeni mpaka vuli ikaanza kunyesha, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumjulia hali. Si kwa roho mbaya. Kibiti watu tunajuliana hali mpaka inakera. Ukikohoa mbele ya duka, jioni una wageni na bakuli la uji. Hatukwenda kwa sababu kila siku tulikuwa tunamsikia. Basi la kwanza likiingia stendi, yeye tayari yupo: anauza machungwa upande wa vyoo, anauza korosho upande wa bodaboda, na katikati anauza vitunguu. Mtu anayeuza vitu vitatu kwa mpigo, tena kwa sauti nzito isiyochoka, nani atamdhania mgonjwa?

Kwa asiyeijua stendi yetu: mabasi ya kusini husimama kidogo tu, na hicho kidogo ndiyo riziki yetu. Zamani kila muuzaji alikuwa anapiga kelele mwenyewe, adhuhuri ikifika koo limekauka na mzigo bado upo. Siku hizi kila meza ina kipaza sauti cha kuchaji, chenye tundu la memori kadi. Unaweka tangazo lako, linazunguka lenyewe toka asubuhi mpaka magharibi, wewe unabaki na kazi ya kupokea wateja na kugombana nao. Kuna siku sikuwa na mauzo, nikavihesabu vipaza vyote vya stendi. Nikarudia kuhesabu, maana ndivyo nilivyo, na ndiyo sababu wananiita Mara Mbili. Vilikuwa kumi na tisa. Kumi na sita vilikuwa na sauti ya mtu mmoja.

Mwenye sauti hiyo alikuwa mrefu, mkavu, anavaa koti hata jua la saa nane, na akiwa hanadi hakuwa na maneno kabisa. Hilo liliwachanganya wengi. Mtu anakuja kutoka Mkongo na gunia lake la ufuta, anamtafuta huyo bingwa wa kuita watu, anamkuta mzee amekaa peke yake kwenye benchi la mwisho la mgahawa, anapuliza chai.

"Shikamoo, mzee. Habari za toka asubuhi?"

"Marahaba. Njema."

"Za nyumbani?"

"Zipo."

Basi, mazungumzo yameisha. Mama Zuhura, muuza vitunguu ambaye ulimi wake hauhitaji kipaza, alikuwa akisema, "Huyu maneno yake yote ameyaweka kwenye kadi. Ukitaka akusalimie vizuri, mnunulie betri."

Yeye alicheka? Hapana. Aliinua kikombe kidogo, kama mtu anayekubali kwamba mzigo umehesabiwa sawa.

Mimi nilimfahamu kabla ya vipaza. Nilimkuta Mbuchi, huko delta, nilikokuwa nafuata kamba wakavu. Alikuwa mnadi wa samaki pale wanapopakulia. Wanadi wengine niliowahi kuwasikia hubweka. Yeye alikuwa anaita. Anainua tenga, anasema samaki wametoka mkondo gani, nani amevua, wamelala au hawajalala, halafu ananyamaza, anawaacha wanunuzi wataje wenyewe. Nilijaribu kumpunja siku ya kwanza. Nikasema kamba wana mchanga. Akachukua mmoja, akatafuna mbele yangu polepole, akameza, akanitazama. Nililipa. Sijapenda kulipa tangu nizaliwe, lakini siku ile nililipa na nikasema asante juu yake.

Simu ndiyo iliyomtoa Mbuchi. Wavuvi walikuwa wakipata mzigo mkubwa na wanunuzi hawana habari, kamba wanaharibika. Mtu mmoja akamwomba arekodi neno, litumwe kwenye grupu la sisi wanunuzi wa Kibiti. Mtandao kule ulikuwa unapatikana mahali pamoja, karibu na kisima, kwa hiyo alikuwa anarekodi nyumbani halafu anatembea mpaka kisimani kuituma sauti. Tulizoea. Magrupu yetu yamejaa picha za mizigo, na picha ya samaki haina harufu, unaweza kutumiwa ya mwaka juzi. Lakini ile sauti ikisema, "Leo wameshuka, wa mkononi, si wa jana," watu wanawasha pikipiki. Hakuwahi kutudanganya. Siku mzigo ukiwa mbaya alirekodi pia: "Leo msije." Wavuvi walimkasirikia kwa hilo, na nadhani hiyo pia ilimsogeza kuja mjini.

Alipohamia Kibiti akapanga chumba cha uani, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Alikuwa na mke zamani, wakaachana. Hayo ni yao. Kazi ya kurekodi matangazo alikuja kuifanyia kwenye stoo yangu, si kwa mapenzi yangu, ila kwa magunia. Alizunguka mji mzima akipiga makofi ndani ya vyumba vya watu na kusikiliza. Kwangu akapiga kofi moja, akatikisa kichwa kukubali. Magunia ya mpunga hayana mwangwi. Basi anaingia katikati ya magunia na simu yake ile ndogo, anajifunika shuka, ananiambia, "Mwanangu, mashine ikinyamaza uniambie." Mimi nasimama mlangoni kama mlinzi wa benki, nalinda kimya.

Kabla ya kurekodi aliuliza maswali kama hakimu. Machungwa yametoka shamba gani? Nani ameyachuma? Lazima aonje. Hakunadi kitu ambacho hajakionja, na alionja kweli, hakumung'unya na kutema. Muuza sumu ya panya alimfuata mara nyingi.

"Mzee, nirekodie na mimi, wenzangu wote wana tangazo."

"Hii nitaionja vipi?"

"Si ya kuonja, mzee! Wewe sema tu inaua."

"Sijaiona ikiua."

Alikataa karibu mwaka. Mwishowe akachukua pakiti, akaiweka chumbani kwake, akasubiri. Baada ya wiki akaja stoo, akajifunika shuka, akarekodi. Tangazo lile lilisambaa mpaka Ikwiriri na Mohoro. Watu walirushiana kwa blututhi bure, naye hakudai kitu. Nilipomuuliza kama panya wamekwisha kweli chumbani kwake, alisema, "Wamekwisha. Sasa hata wao hawapo." Nilicheka peke yangu.

Kitu kimoja hakukitaja katika tangazo lolote: bei. Wauzaji walimsihi. Mimi nilimsihi kuliko wote, maana bei ikisemwa na kipaza mteja hana wa kubishana naye, na kubishana ndiko kunakonimalizia mate. Akasema, "Bei inabadilika. Sitaki niitwe mwongo nimelala." Kwa hiyo matangazo yake yaliita watu tu. Karibu mama, karibu baba, karibu na wewe uliyesimama pale mbali, nimekuona. Hilo la mwisho aliliweka karibu kila mahali. Na lilifanya kazi: abiria dirishani anaangalia nyuma yake, anajiuliza ni yeye au mwingine, na kabla hajajibu ameshatoa noti. Mabibi wa delta wanaokuja kuuza mikeka ya ukindu aliwarekodia kwa Kindengereko, na wale walikuwa wanakisogelea kipaza chao wenyewe, wanakisikiliza wakitabasamu, kama kuna ndugu yao ndani.

Hivyo ndivyo alivyokuwa: mtu anayeita wilaya nzima, na jioni anarudi chumbani na mfuko wa mkate mmoja. Nilimwambia mara moja, "Mzee, si uoe tena, au hata uje ucheze bao na wenzako?" Akasema, "Wakinitaka wanajua ninapokaa." Nikamwambia watu hawaji bila kuitwa, yeye ndiye anayepaswa kujua hilo kuliko sote. Akapuliza chai.

Ndiyo maana alipoumwa hakuita. Koo lilimshika polepole. Aliacha kuja mgahawani, na mwenye mgahawa akadhani amehamia mgahawa mwingine. Wafanyabiashara tunadhani hivyo kwanza. Akapanda basi pale pale stendi, katikati ya sauti zake mwenyewe, akaenda Dar es Salaam hospitali, akakaa huko, akarudi. Hakuna aliyeuliza. Nilikuja kumwuliza Mama Zuhura baadaye kama kweli hakuhisi kitu. Akanijibu kwa hasira, "Ningehisi nini? Alikuwa mezani kwangu kila siku!"

Mimi nilimgundua kwa sababu ya biashara, sitajipamba. Nilikuwa nimeanza kuuza mchele wa Mohoro pamoja na kamba, nikataka tangazo jipya. Nikampigia. Simu ikapokelewa, ikanyamaza, ikakatwa. Nikapiga tena, vilevile. Nikalaumu mtandao kama kawaida. Siku ya pili jioni nikaenda mwenyewe, nikapita nyuma ya mashine ya kukoboa, nikasimama uani.

"Hodi!"

Kutoka ndani, kwa sauti kubwa safi: "Karibu mama, karibu baba, karibu na wewe uliyesimama pale mbali, nimekuona!"

Nilicheka sana. Nikasema, "Mzee leo una furaha," nikasukuma pazia.

Alikuwa amekaa kitandani, simu mkononi. Shingoni alikuwa na skafu nyepesi, na chini ya skafu palipoinuka na kushuka palikuwa na tundu alilotobolewa hospitali, na pumzi yake ilikuwa inapita hapo. Akafungua mdomo, hakukutoka kitu. Akanyanyua simu kidogo kunionyesha: hii ndiyo iliyokujibu.

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, maana kiti kilikuwa kimoja na kilikuwa na dawa zake. Mimi ni mtu wa maneno; nikimwona mteja wa nguo nyeusi nina maneno, wa nguo nyeupe nina mengine. Pale sikuwa na hata moja. Yeye ndiye aliyejaribu. Alikuwa amehifadhi matangazo yake yote kwenye simu ile, na akawa anayatafuta kwa kidole ili tuzungumze. Nilipomwambia nimeleta mchele kidogo wa kuonja, akabonyeza, na sauti yake ikasema, "Umelimwa bondeni, umeoshwa na mto!" Tukacheka, yeye kwa mabega tu. Nikamuuliza kama anakula vizuri. "Matamu, hayachoshi!" ikajibu simu. Hilo lilikuwa tangazo la machungwa.

Halafu nikamuuliza, "Mzee, mbona hukutuambia?"

Akashuka na kidole kwenye orodha. Akapanda nayo. Akalifungua tangazo moja, akalizima kabla halijasema. Nilikuwa nayajua matangazo yale yote, nilikuwa nimesimama mlangoni wakati wa kila moja, nikaanza kuyapitia kichwani pamoja naye. Hakuna tangazo ambamo muuzaji anasema ameumwa. Hakuna linalosema nimechoka, wala nisamehe, wala kaa kidogo usiondoke. Yote ni mzigo mpya umeingia. Alitafuta mpaka kioo kikazima mkononi.

Akakiwasha, akaandika. Hakuwa mwandishi, alikuwa anaitafuta kila herufi. Akanigeuzia: *nilidhani mtakuja*.

Nikamwambia ukweli. "Tulikuwa tunakusikia, mzee."

Akatazama ukutani, upande ilipo stendi. Kwa mbali, mashine ikiwa imezimwa, hata pale chumbani alikuwa anasikika akiuza vitunguu.

Kesho yake nililitangaza hilo stendi nzima, bure. Ijumaa baada ya swala tukaenda wengi, na sukari, na maziwa, Mama Zuhura na chungu cha supu. Uani pakajaa. Akatubonyezea karibu yake, na watu wakacheka kama nilivyocheka mimi, halafu wakanyamaza kama nilivyonyamaza. Tatizo la kumjulia hali mtu asiyesema ni kwamba ile kazi yote unabaki nayo wewe. Unauliza, hujibiwi, unajijibu. Wakasifu matangazo yake. Muuza korosho akasema jua linazama. Mama Zuhura akatoa wazo.

"Mimi nazima kipaza changu. Wote tuzime, kwa heshima yake, mpaka apone."

"Tuuze na nini?" akauliza muuza korosho.

"Na mdomo wako, si unao? Mbona kwenye kula unaukumbuka?"

Wakaanza kubishana mbele ya mgonjwa. Yeye akapiga kofi moja, lile la kupimia chumba. Akaandika, akampa Mama Zuhura simu asome. Mama Zuhura akasoma kimoyomoyo, midomo ikimcheza, akanipa mimi, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. Ilikuwa imeandikwa: *msizime nikizimwa sipo tena*.

Hatukuzima. Na kwa kuwa hatukuzima, tuliendelea kumsikia, na kwa kuwa tuliendelea kumsikia, Ijumaa iliyofuata walikwenda wachache, na ile nyingine nilikwenda mimi na Mama Zuhura. Sisi wawili tuliendelea. Supu ilikuwa yake, mimi nilipeleka hadithi za wateja wabishi, ambazo sijawahi kuishiwa. Mzee alisikiliza kwa umakini wa mtu anayeonja. Lakini kuna saa ishirini na nne katika siku, na sisi tulikuwa tunampa nusu saa.

Vipaza ndivyo vilivyomwacha kwanza. Vijana wa Dar walileta matangazo mapya yenye muziki, yanasema bei tangu neno la kwanza, yanapiga kelele mpaka meza inatetemeka. Muuza korosho akabadilisha. Wa machungwa akabadilisha. Memori kadi zikaharibika, zikafutwa, zikapotea kwenye mifuko ya suruali zilizofuliwa. Mama Zuhura alishikilia mpaka kipaza chake chenyewe kikafa. Changu mimi kiliibwa, nashukuru mwizi ana masikio. Sikumwambia mzee. Hakuna aliyemwambia. Ila ukuta wake ulikuwa unasikia, na yeye alikuwa upande wa pili wa ukuta.

Mara ya mwisho nilipokutana naye mbali na chumba kile ilikuwa stendi, mchana, watu wengi. Nilishtuka kumwona. Amevaa koti lake, skafu imefungwa vizuri, anatembea taratibu akipita meza kwa meza, anasimama kidogo kila moja kama mtu anayetafuta bei nzuri. Nikamfuata nyuma bila kumwita. Wengi wa wauzaji walikuwa wageni, hawakumjua sura. Mmoja alimwambia, "Mzee, sogea, unanizibia." Akasogea.

Akafika kwa muuza ndala, dada mmoja mgeni kutoka Mkongo. Kipaza chake kilikuwa cha mwisho stendi nzima chenye sauti ile. Tangazo lenyewe alilinunua pamoja na kipaza, hakujua la nani. "Ndala hizi zimepita tope la Mbuchi, zimepita mchanga wa Kibiti, hazijakatika," ilikuwa inasema, na ni kweli, alizivaa mwezi mzima kabla ya kurekodi. Mzee akasimama mbele ya kipaza, mikono nyuma.

"Karibu baba," yule dada akasema. "Jaribu tu, kujaribu si kununua."

Akatikisa kichwa kukataa.

"Unataka namba ngapi? Babu ni bubu nini huyu?" akaniuliza mimi.

Nilitaka kumwambia. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Mzee akanishika mkono juu ya kiganja, akaubana, nikaimeza.

Hapo kipaza kikazima. Chaji imekwisha, katikati ya neno. Dada akakitikisa, akakipiga kofi, akainama chini ya meza kutafuta betri nyingine. Basi la Lindi lilikuwa linaingia, abiria wanashuka kunyoosha miguu, ndiyo dakika yenyewe, na meza ya ndala imenyamaza.

Mzee akafungua mdomo. Midomo ikaanza palepale neno lilipokatika, ikaendelea, bila haraka, kila neno kwa nafasi yake. Nilikuwa nalijua tangazo lile, nilimsoma mpaka mwisho. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka, kiganja wazi, kama alivyokuwa akiunyanyua Mbuchi juu ya tenga. Akaita. Mama mmoja aliyeshuka kwenye basi, amebeba mtoto mgongoni, akamwona. Akaangalia nyuma yake, akaona ni yeye, akaja moja kwa moja, akaipita meza, akasimama mbele ya mzee.

"Unaniita mimi, baba? Za mtoto zipo?"

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Macho yake yalikuwa yamejaa. Akaanza kumjibu, midomo inatafuta, na mama yule akainamisha sikio kidogo, anasubiri kwa adabu.

"Ndala hizi zimepita tope la Mbuchi!" kipaza kikalia juu ya meza. Dada alikuwa amepata betri.

Mama akaigeukia sauti. "Ee, ndizo hizo ninazotaka," akasema, akaifuata mezani, akaanza kuchagua.

Mkono wa mzee ulikuwa bado juu. Halafu akaushusha taratibu, akaupitisha shingoni, akaiweka skafu sawa, kama vile hicho ndicho alichokuwa ameunyanyulia.